Nakula Vizuri, Nawasalimia

Kwamba mpwa wangu anaandika blogu, nilijua kwa kugombezwa.

Nilikuwa kazini siku hiyo. Huku ughaibuni nafanya kazi kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali. Shuka likitoka kufuliwa linapitishwa kwenye roli za moto zinazolinyoosha, na upande wa pili tunasimama wawili wawili, tunalidaka, tunalikunja, tunalipanga kwenye toroli, linakuja jingine. Ni kazi ya mgongo na haitaki maneno, ndiyo maana nimedumu nayo. Simu haziruhusiwi pale kwenye roli. Lakini dada yako mkubwa akipiga, akakata, akapiga tena na tena, unapokea. Nikamwachia mwenzangu shuka, nikatoka kwenye korido.

Dada hakunisalimia. Alitaka kujua kwa nini mwanawe analala na njaa nyumbani kwangu.

Nikamwambia jana kulikuwa na wali kwenye sufuria, na ni mwanawe mwenyewe aliyesema hataki. Dada akasema sivyo alivyoandika. Ameandika, "Jana nimekula mkate mkavu nikalala." Nikamuuliza ameandika wapi. Kwenye blogu. Nikamuuliza blogu ni kitu gani hasa, akasema na yeye hajui vizuri, ila fundi simu anaijua.

Dada yangu ni fundi cherehani, na kibanda chake kimegusana na kibanda cha fundi simu. Macho yake yamechoka kwa sindano, herufi za simu hazioni. Kwa hiyo fundi simu ndiye anayemsomea, na anasoma kwa sauti ya juu ili asizidiwe na cherehani. Waliokuja kupimwa nguo wanasikia. Walioleta simu zilizoingia maji wanasikia. Wapita njia nao wanasimama. Mtoto alikaa kitandani kwenye chumba changu cha nyuma akaandika habari ya mkate, na kabla ya mchana watu nisiowajua walikuwa wanatikisa vichwa kwa ajili yangu.

Jioni nilimwita sebuleni. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, anasomea maabara, wale wanaopima damu na mkojo. Hakubisha. Alileta kompyuta, akaniwekea mezani, akakaa pembeni mikono mapajani kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Blogu yenyewe inaitwa Chumba cha Nyuma. Juu kabisa kuna picha ya dirisha lake na ukuta wa jengo la jirani, ambao ndio anaouona akifungua pazia. Chini yake yamefuata maandishi. Kulikuwa na habari ya mkate. Kulikuwa na habari ya baridi ya chumba. Kulikuwa na habari ya msichana mmoja darasani ambaye kila akikaa karibu naye anahamisha begi lake. Na kulikuwa na habari yangu. "Mjomba anakoroma kama mtu anayeburuta kabati. Analifikisha mlangoni, anapumzika, halafu anaamua kulirudisha."

Mke wangu alikuwa anasoma akiwa nyuma ya bega langu. Akasema ni hivyohivyo, miaka yote alikuwa anatafuta namna ya kulieleza.

Nikamuuliza mpwa wangu kwa nini anaandika mambo ya ndani kwa watu wa nje. Akafikiri kidogo. Akaniambia chuoni anaongea kama mtoto. Sentensi anaianza akiwa na jambo la maana, lugha ya huku inamwishia katikati, anamaliza kwa kutabasamu. Walimu wanadhani ni mpole.

"Kule naongea kwa shida, mjomba," akasema. "Pale kwenye blogu ndipo naongea kama mimi."

Nilimsikia. Ila nilikuwa nimeudhika, na mtu aliyeudhika anasikia kwa sikio moja. Nilichokuwa nakifikiria ni dada. Alipomtoa kwake kuja kwangu aliniambia waziwazi: nimekukabidhi, lakini nikisikia anateseka, namrudisha, masomo yawe yameisha au hayajaisha. Na dada si mtu wa kutishia tu. Aliwahi kuwarudisha wachumba wawili waliokuja kwa ajili yake mwenyewe.

Nikatoa amri. Kuanzia siku hiyo hakuna kitu kinachopanda mtandaoni kabla sijakisoma. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kujua lipi la kusema mbele za watu na lipi la kunyamazia hakufundishwi darasani.

"Sawa, mjomba," akasema.

Ana namna yake ya kusema sawa. Ni kama mtu anayeshusha mzigo mlangoni kwako na kuondoka.

Basi tukaanza. Kila Jumapili baada ya kula, yeye anafungua kompyuta, mimi navaa miwani. Mkate mkavu ukawa mkate. Baridi ya chumba ikawa hali ya hewa tofauti na ya nyumbani. Msichana wa begi nilimtoa kabisa, nikaweka kwamba wanafunzi wenzangu ni wachangamfu. Kukoroma kwangu sikuhitaji hata kukujadili. Mahali alipoandika kwamba kwenye basi anahesabu madirisha ili asilie, nikamwambia aseme anapenda kutazama majengo.

Na mwisho kabisa nikampa sentensi yangu mwenyewe ya kufungia: "Nakula vizuri, nawasalimia wote."

Niliipenda sentensi ile. Ilikuwa fupi, ina chakula ndani yake, ina adabu. Aliniuliza kama lazima kila wiki amalizie hivyo. Nikamwambia salamu haijawahi kumdhuru mtu.

Dada akaacha kupiga.

Wiki ya kwanza nilisubiri. Baadaye nikaona kweli, kumetulia. Nikawa nafanya kazi kwa raha. Mwenzangu wa kwenye roli aliniuliza kama nimepandishwa cheo, kwa sababu nilikuwa napiga mluzi. Nilimwambia nimeshika usukani nyumbani kwangu. Akasema hongera, akanirushia ncha ya shuka.

Halafu dada akapiga, na sauti yake ilikuwa laini.

Tangu nizaliwe dada hajawahi kuongea na mimi kwa sauti laini. Alinisalimia vizuri. Akamuulizia mke wangu, akaulizia kazi, akaulizia mgongo wangu. Nikamwambia mgongo mzima, kila kitu kizima. Halafu akasema:

"Mdogo wangu, niambie ukweli. Mwanangu ana nini?"

"Hana kitu. Mzima."

"Anakula?"

"Anakula vizuri."

Dada akaanza kulia.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu. Ukoo wetu haumpi habari mbaya mtu aliye mbali. Tunamwona kama amebeba vyungu kichwani, huwezi kumpigia kelele akiwa njiani. Baba alipougua mimi nilikuwa tayari niko huku, na kila nilipopiga simu niliambiwa baba yuko vizuri, anakula vizuri, anakusalimia. Nilipong'ang'ania kumsikia mwenyewe, walimwekea simu sikioni. Baba akaniambia kwa sauti ya uzi kwamba yuko vizuri, anakula vizuri. Nilipopiga tena, alikuwa ameshazikwa. Sikukasirika. Na mimi niliwahi kumfanyia kaka mkubwa hivyohivyo alipofariki bibi. Kwetu mtu mzima wa afya unamjua kwa kulalamika. Akianza kula vizuri na kusalimia wote, watu wanatafuta mikeka.

Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyajua kama ninavyoijua ngazi iliyovunjika nyumbani kwangu, na bado huwa najikwaa.

Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa natuma tanzia, na fundi simu alikuwa anaisoma hadharani. Dada alinieleza ilivyokuwa. Mara ya kwanza alidhani mwanawe amechoka tu. Mara ya pili alisimamisha cherehani. Baada ya hapo fundi simu mwenyewe akawa anasoma polepole na kwa sauti ya chini, na wanaosikiliza wakawa wanaondoka bila kuaga. Mteja mmoja, mwanamke asiyesubiri kitu maishani, alimwambia dada nguo yake haina haraka. Dada aliposikia hivyo ndipo alipoamini.

Nikasema basi subiri, umwone mwenyewe. Nikageuza simu iwe ya video, nikamwita mpwa wangu kutoka chumbani. Alikuja, akaiona sura ya mama yake, akanitazama mimi, na kwa kuwa nilikuwa nimemfunza vizuri, akatabasamu.

"Mama, mimi mzima," akasema. "Nakula vizuri."

Dada akamwambia ageuke. Akageuka. Akamwambia anyanyue mikono. Akanyanyua. Akamwambia atoe ulimi. Alipomaliza kumkagua akamwambia anipe simu, na mimi akaniambia nitoke nje ya chumba.

"Baba pia alisema hivyohivyo," akaniambia. "Kwa mdomo wake mwenyewe."

Nikajaribu kumtetea mtoto, na kila nilichosema kilizidisha. Nilimwambia amenenepa kidogo, akauliza ni unene au amevimba, na kama amevimba ni miguu au uso. Nilimwambia ana furaha, anacheka, akauliza anacheka nini. Nilimwambia masomo yanaendelea vizuri, akasema ndiyo, amesikia, fundi simu amemsomea.

"Mrudishe," akasema. "Mrudishe akiwa bado anatembea mwenyewe. Kaka yake atampokea uwanja wa ndege mwisho wa mwezi."

Mitihani ilikuwa mwezi unaofuata. Akiondoka kabla ya mitihani nafasi yake chuoni inakwenda kwa mwingine, na kibali chake cha kukaa kinakufa pamoja nayo. Nilimweleza dada hilo. Akaniambia mtu hazikwi na cheti.

Nilirudi sebuleni nikamwambia mpwa wangu. Hakulia. Alikaa kwenye kiti, akafunga kompyuta, akaifungua, akaifunga. Nikaanza kueleza mpango wangu. Tungepiga picha akiwa anakula. Tungemwandikia dada habari ndefu zaidi, ya furaha zaidi, labda na maneno ya mwalimu wake. Nilikuwa nimeshaanza kuitunga kichwani.

Mke wangu alikuwa anabandua lebo kwenye vikombe vipya. Akasema bila kuinua uso:

"Mwache mtoto alalamike."

Nikamkumbusha kwamba malalamiko ndiyo yaliyoanzisha yote haya.

"Malalamiko yalikuletea kelele," akasema. "Sifa zako zimekuletea msiba. Chagua."

Nilimsaidia kubandua lebo mpaka vikombe vikaisha. Halafu nikamwambia mpwa wangu aende akaandike. Aandike mkate, baridi, kabati, kila kitu.

"Kila kitu?" akauliza.

"Kila kitu."

"Hata ambalo wewe hujaambiwa?"

Nilidhani anasema habari nyingine kama ile ya begi au ya basi. Nikamwambia hilo ndilo aanze nalo. Akanitazama kwa muda, halafu akachukua kompyuta akaingia chumbani na kufunga mlango. Tulisikia akiandika. Hakuwa anabonyeza taratibu kama Jumapili, alikuwa anabonyeza kama mvua ya mawe. Alipotoka aliniuliza kama navaa miwani. Nikamwambia miwani nimeiweka kando.

Niliisoma kesho yake kazini wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya magunia ya mashuka machafu, labda muda uleule ambao fundi simu alikuwa anaisoma upande wa pili wa dunia. Ilianza na mimi. Kabati lilikuwa limerudi, na safari hii lilikuwa na droo. Ilieleza kwamba natoboa mapaja ya suruali kwa kujifutia mikono yenye dawa ya kufulia. Ilieleza kwamba wali wangu ukipoa unaweza kukatwa kwa msumeno, na kwamba ndiyo maana siku ile alikula mkate. Baridi ya chumba ilikuwepo, na soksi anazolala nazo, na ukuta wa jirani wenye ufa unaofanana na mtu anayekimbia. Msichana wa begi alikuwepo. Madirisha ya basi yalikuwepo.

Halafu ikaja hivi:

"Nimefeli mtihani wa kwanza wa kemia. Nilifeli ile wiki ambayo blogu hii ilisema masomo yanaendelea vizuri. Siku hiyo nilikaa kwenye ngazi za chuo mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nilirudi nikaandika kwamba nimefeli, kisha nikafuta mwenyewe kabla mjomba hajasoma, kwa kuwa nilijua angefuta. Nitarudia mtihani. Mama, sijakuambia. Mjomba, na wewe sijakuambia. Sikujua pa kuliweka."

Nilisoma hapo tena. Mtoto anaishi kwangu, anakula kwangu, kila Jumapili nakaa naye bega kwa bega, na habari yake nimeipata pamoja na fundi simu. Msimamizi alipita akaniuliza kama naumwa, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayekalia mashuka ya hospitali kabla hayajafuliwa. Nikanyanyuka.

Dada alipiga nikiwa bado kwenye korido. Nilipokea, nikasogeza simu mbali na sikio, na hata mbali nilimsikia.

Alitaka kujua ni mwanamume gani anayemlaza mtoto wa dada yake kwenye chumba cha barafu. Alitaka kujua nimejifunza wapi kupika wali wa kukatwa na msumeno, kwani si mama yetu. Na kukoroma aliniambia si jambo geni, hata nilipokuwa mdogo walinihamishia jikoni, na paka akahama. Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. Nilimsikia fundi simu akiombwa arudie pale pa kabati, na akarudia. Na chini ya yote hayo, bila kukatika, nilisikia cherehani.

Nilimngoja avute pumzi, nikamuuliza kama amefika mpaka kwenye mtihani.

"Amefeli mtihani," dada akasema. "Mimi nilikuwa nimeshatenga kitambaa cheupe."



"Akae hukohuko aurudie," akasema. "Nitamgombeza mwenyewe, hilo usijisumbue. Na wewe ukimfutia tena neno lake hata moja, nakuja."

Nikasema sawa. Nilijaribu kuisema kama mpwa wangu anavyoisema, haikutoka vizuri.

Jioni nilirudi na hita ndogo niliyoazima kwa mwenzangu wa kwenye roli. Nilimkuta mpwa wangu kitandani na daftari lake la kemia, amevaa zile soksi. Niliichomeka hita, nikasimama pale mlangoni, maana kile chumba watu wawili wakisimama lazima mmoja atoke.

"Ulijua ningefuta," nikamwambia.

"Ungefuta, mjomba."

Nilifikiri kama kuna namna ya kukataa. "Ningefuta," nikasema.

Akasogeza daftari, akanipa nafasi ya kukaa. Nikamuuliza kemia ni nini. Alinieleza mpaka tukaitwa kula, na sikuelewa kitu zaidi ya kwamba na yeye kuna mahali haelewi, na mahali penyewe alinionyesha kwa kidole. Kisha akaniuliza kama anaweza kuandika habari ya hita. Nikamwambia aandike. Ila aweke na kwamba inanuka kama nywele zilizoungua, mama yake asije akashtuka.

Mtihani aliurudia akapita, kwa kukwaruza. Kwenye blogu aliandika kwamba msimamizi wa mtihani alikuwa anatafuna kitu chumba kizima kikisikia, na kwamba kalamu ilivuja, na kwamba amepita. Kwa mpangilio huo. Watu wa kibandani walifurahi sana. Siku hizi wananitumia na ushauri kupitia kwake, namna ya kulala ubavu, namna ya kupima maji ya wali. Miwani naivaa kusoma yakiwa yameshapanda, kama watu wengine.

Juzi dada alipiga bila ugomvi wowote, akiwa anashona. Tuliongea habari za mtoto, za kaka, za bomba lililopasuka mtaani kwao. Halafu katikati ya hayo akaniuliza:

"Na wewe mwenyewe, hujambo?"

"Sijambo," nikasema. "Mzima kabisa. Nakula..."

Cherehani ikasimama.

Niliisikia ilivyosimama.  Nilikuwa kwenye korido ya kiwandani, nimeegemea ukuta kwa bega moja, kama ninavyosimama sikuzote, kwa sababu kuegemea kwa mabega yote mawili siwezi.

"Mgongo unaniuma," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, dada. Asubuhi mke wangu ndiye anayenivalisha viatu."

Akavuta pumzi ndefu, na cherehani ikaanza tena. Akaniuliza ni mjinga gani anayekaa na mgongo hivyo miaka yote bila kusema, na nikajipanga vizuri ukutani kumsikiliza.